Dakika Kumi za Upande wa Pili

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nachoka kabla hata sijafungua kibanda. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Ujiji, njia ya kushuka ziwani, na kila aliyevuka maji au aliyeshuka kutoka mpakani na redio mkononi aliileta kwangu ikiwa imelowa, imepondeka au imejaa mchanga. Watu walikuwa wameacha nyumba, ng'ombe, hata viatu, lakini redio walikimbia nayo, kwa kuwa redio ndiyo ingewaambia lini warudi kwao. Nilizifungua, nikazianika juu ya bati, nikazisugua kutu kwa mswaki, na nyingi hazikupona. Jioni nilirudi nyumbani macho yamevimba kwa moshi wa risasi ya kulehemu. Mke wangu akiniuliza nimetengeneza ngapi, namwambia aniletee uji.

Huyu ninayemkumbuka alifika asubuhi moja akisukuma baiskeli nzito ya Kichina yenye vumbi mpaka kwenye kengele. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati kalifunga vifungo vyote hadi shingoni kana kwamba anakwenda kwenye usaili wa kazi. Alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto kaushika kiwiko, kama wanavyosalimiana kwao Burundi wakiheshimiana, nami nikaona haya kwa sababu tulikuwa rika moja na mkono wangu ulikuwa na grisi. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa alifundisha watoto kambini, upande wa Kasulu, chini ya turubai. Tangu siku ile nilimwita mwalimu, yeye akaniita fundi, na ikatutosha.

Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila karatasi. Yake ilikuwa ya siku saba, na mbili zilikuwa zimeishia kwenye pedeli. Mbili nyingine angezihitaji kurudi. Kwa hiyo tulikuwa na siku tatu, na kwenye keria alikuwa na redio-kaseti moja iliyofungwa kwa kitenge, spika yake moja imekufa. Alitaka niigeuze kuwa muziki wa baiskeli. Sauti kubwa, alisema, na iwe stereo.

Nilicheka, na sikucheka kwa wema. Nilikuwa nimewaona vijana wa mjini waliofunga spika kwenye baiskeli ili wasichana wageuke, nikadhani hata huyu na shati lake ndiyo hayohayo. Nikamuuliza kambini wanacheza dansi gani siku hizi. Hakukasirika. Alitoa mfukoni kaseti iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mezani, akanieleza taratibu, namna mwalimu anavyomweleza mtoto mzito.

Wenzao waliokimbilia ng'ambo ya ziwa, jirani na Uvira, walikuwa wamepitisha redio-kaseti mkono kwa mkono kambini kwao. Kila mtu alisema maneno yake: jina lake, kilima alichotoka, mtu anayemtafuta. Kaseti ikapakiwa kwenye boti la mizigo, ikashushwa upande wetu, mwaloni Katonga, kati ya magunia, ikapanda na mchuuzi wa dagaa hadi kambini, ikaishia mikononi mwake kwa sababu yeye ndiye mwenye redio. Lakini kambi ilikuwa mitaa na mitaa, maelfu ya watu, na redio ile haikusikika hata kwa jirani. Wasimamizi wa kambi walikuwa na kipaza sauti, wakakitumia kutangaza mgawo wa unga tu. Ndipo akafikiria baiskeli. Angezunguka nayo polepole, sauti zinasema, na mwenye kuitambua sauti ya mtu wake atoke nje.

Nikamwambia kwa kazi hiyo spika moja inatosha, mtu mmoja akisema hana haja ya stereo.

"Nyumba ziko pande mbili za njia, fundi," alisema.

 Nikavuta stuli nikamkaribisha, na hapo ndipo alipoyasema yake, huku akiikunja na kuikunjua ile nailoni. Siku walipokimbia, yeye na mkewe walipotezana kwenye kivuko cha mto. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Watu walisema kundi lake lilielekea ziwani, labda Zaire. Ulikuwa umepita mwaka na nusu. Hakujua kama mkewe yu hai, hakujua kama alijifungua, na kama alijifungua hakujua ni mtoto gani. Upande wa kwanza wa kaseti alikuwa ameusikiliza wote, na mkewe hakuwemo. Alipougeuza, redio ikautafuna mkanda pale mwanzoni kabisa. Aliuchomoa kwa ncha ya penseli, akaurudisha ndani, na hakuthubutu kuujaribu tena, hata kwenye redio ya mtu mwingine. Upande wa pili alikuwa hajausikia. Aliniomba nisiucheze mpaka yeye awepo, nikamwambia sawa.

Ile kazi niliifanya kwa moyo, na naisema kwa sababu miaka ile vitu nilivyovifanya kwa moyo vilikuwa vichache. Spika mbili nilizitoa kwenye redio ya kabati ya tajiri mmoja marehemu, ambayo wanawe walinitupia wakitaka nafasi sebuleni. Masanduku tuliyapiga kwa mbao za kreti la samaki. Mwalimu alikata mwenyewe, kapiga mistari kwa rula, na mbao zake zilikutana vizuri pembeni kuliko zangu. Zilinuka dagaa. Nikamwambia paka wote wa Kasulu watamfuata, akasema bora, wataongeza watazamaji. Betri ilikuwa ya pikipiki, ikakaa katikati ya fremu. Dainamo ya taa isingeweza kuibeba sauti ile, nikamweleza mapema asije akanilaumu. Betri angeichaji kwenye mashine ya kusaga kambini.

Shida kubwa ilikuwa mitetemo. Kaseti ikichezwa kwenye baiskeli inayopita makorongo, sauti inayumba, mtu mzima analia kama mbuzi. Nikakata tyubu kuukuu vipande virefu, nikaining'iniza redio ndani ya fremu ya chuma kwenye hendeli, imefungwa kwa mpira pande zote nne, haigusi chuma popote. Ukiipiga kofi inacheza kidogo, kisha inatulia. Spika nilizipima kwa betri ya tochi: unagusisha waya, unaangalia karatasi ya spika inaruka mbele au inarudi nyuma. Zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Moja ikirudi huku nyingine inatoka, zinauana, na sauti unaisikia imekuwa tupu katikati. Mwalimu aliomba afanye mwenyewe. Aligusisha ile waya mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya pili jioni niliweka kaseti yangu ya taarabu. Udi ukatoka kulia, mwimbaji kushoto. Mwalimu aliizunguka baiskeli mara mbili, akasimama nyuma ya keria katikati ya spika, akatabasamu. Sikumwona akitabasamu tena.

Siku ya tatu ilikuwa ya kumalizia. Mwalimu alikwenda Kigoma mjini kugongesha muhuri karatasi yake, akaniachia kaseti ili nilinganishe hedi na sauti zake. Hedi ni kile kichwa cha chuma kinachosoma mkanda. Kikikaa upande kidogo tu, maneno yanakuwa kama yanasemwa nyuma ya godoro. Zilikuwa mbili, ya kusomea na kurekodia, na ya kufutia. Nilizisafisha zote kwa spiriti mpaka zikang'aa. Nikacheza upande wa kwanza kama tulivyokubaliana, nikiikaza skrubu kidogo kidogo, nikauacha uende hadi mwisho nione kama mkanda unavutwa sawasawa. Nusu saa nzima walisema watu wa ng'ambo humo kibandani. Kirundi sikijui, ila mtu wa Ujiji aliyekaa na Waha, ambao lugha yao inakaribiana nacho, hakosi neno moja moja. Wengi walianza na amahoro, yaani amani, wakamaliza na amahoro. Niliitoa kaseti, nikaiweka mezani.

Ilibaki kujaribu kurekodi, maana mwalimu alitaka majibu ya kambini yarudi ng'ambo kwa njia ileile. Nikanyoosha mkono mezani kuchukua kaseti yangu chakavu ya majaribio.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Nyuma ya kaseti kulikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, kaseti hairekodiki tena, iliyomo inabaki. Kwetu Ujiji hakuna aliyevunja kijino chake kwa makusudi, maana kaseti tupu zilikuwa adimu. Zilizovunjwa zilikuwa za dukani, za muziki, na hizo ndizo tulizozirekodia juu: mawaidha, mpira, harusi. Unatafuna kipande cha karatasi, unakibana kwenye tundu, kazi inaendelea. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mia, wala sikufikiri. Mkono uliokota kaseti, ukakuta tundu, ukachana gazeti, mdomo ukatafuna, kidole kikabana. Mwalimu yeye alikuwa amevivunja vijino kwa penseli yake ili watu wake wasifutike.

Nikabonyeza. Nikasema, "Moja, mbili. Moja, mbili. Fundi hapa." Nikapiga nyundo mara tatu juu ya ubao nione maikrofoni inashika vipi. Ndipo ikaadhiniwa adhuhuri. Nikaona si vibaya, iache irekodi, niipime na sauti ya mbali. Nikatia udhu kwenye mtungi, nikatandika mkeka nyuma ya kibanda, nikaswali rakaa zangu nne. Nilipotoa salamu nilikaa pale dakika moja zaidi kwa sababu kulikuwa na kivuli na magoti yaliniuma.

Niliporudi nikazima, nikarudisha nyuma, nikasikiliza. Ilikuwa nzuri. Sauti yangu ilitoka safi kwenye spika zote mbili, nyundo, adhana, mtu anapita na baiskeli, kuku, kikohozi changu kutoka nyuma. Niliipenda. Nikageuka kuitafuta spana, nikaiona kaseti yangu chakavu, yenye doa la mafuta, imelala mezani palepale ilipokuwa tangu asubuhi.

 Niliitoa ile ya kwenye redio, nikaliangalia tundu lake na gazeti langu lililolowa mate. Upande wa pili. Nilihesabu: dakika kumi, na upande mzima ulikuwa wa dakika thelathini. Kila mtu kwenye upande wa kwanza alisema kwa dakika moja hivi, au pungufu. Nilikuwa nimewafuta watu kumi.

Mke wangu alileta ugali na samaki wa mgebuka, akanikuta nimekaa chini. Nilimwambia. Aliweka sinia, akakaa naye, akafikiri, kisha akanishauri nisimwambie mwalimu. Upande ule hajawahi kuusikia, alisema, na kitu usichokijua huwezi kukililia. Mtu keshapoteza vya kutosha, usimwongezee. Nilimfokea. Nilimwambia aondoke na ugali wake. Nilimkasirikia kwa kuwa alisema lile nililokuwa nalifikiria, tena nilikuwa nimekwenda mbali kumpita. Ningeweza kuchomoa maikrofoni na kurekodi dakika kumi za ukimya juu ya sauti yangu. Ningesema mkanda ulikuwa mbovu pale redio ilipoutafuna, na ni kweli iliutafuna palepale. Hakuna mtu hapa duniani angejua. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, na naandika haya nikiona aibu ileile.

Nilichelewa tu. Mwalimu aliinama mlangoni, karatasi yenye muhuri mkononi, akasema "Amahoro, fundi," na akaona uso wangu.

"Mwalimu, nimefuta kaseti yako," nilisema. "Mwanzo wa upande wa pili. Dakika kumi. Nilidhani ni kaseti yangu."

 Aliketi kwenye stuli ileile, akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni. Nilianza kumweleza mambo ya vijino na gazeti, akainua kiganja kidogo. Baadaye akasema tusikilize iliyobaki.

Tulisikiliza. Baada ya kikohozi changu na kishindo cha kitufe, mwanamume alidakia katikati ya sentensi, anamtafuta kaka yake. Akafuata bibi, akafuata kijana aliyesema haraka hadi akakosa pumzi, wakafuata dada wawili waliogawana dakika moja. Kila sauti ya mwanamke ilipoanza, mwalimu alishika goti lake. Kila ilipotaja jina, aliliachia. Dakika ishirini ni ndefu sana ukimtazama mtu namna ile. Mkanda ulifika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe, na mkewe hakuwa amesema.

"Kwa hiyo alikuwemo, au hakuwemo?" aliniuliza.

"Sijui, mwalimu."

"Jana nilikuwa sijui. Leo nilikuja ili nijue."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. Akauliza kama kuna namna ya kuwatoa waliofutwa, kwa kuwa alisikia kwamba kaseti ikirekodiwa juu, ya chini hubaki kwa mbali. Ni kweli, hutokea, hedi ya kufutia ikiwa chafu. Nilimweleza kwamba hii niliisafisha mwenyewe asubuhi ile. Kwa kazi yangu hakuna kilichobaki. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaomba tucheze tena zile dakika kumi, akaweka sikio kwenye spika ya kushoto. Halafu ya kulia.

Aliondoka kesho yake alfajiri. Alisema ataandika barua, boti likivuka litaipeleka, na wale wa mwanzo watasema tena. Hawakuondoka, wapo, ni suala la wiki chache. Yeye ndiye aliyenifariji mimi. Maharage tuliyopatana kama malipo niliyakataa, akayaacha mlangoni. Nilisimama barabarani kumwangalia hadi alipopotea na masanduku yake mawili ya samaki, na kwa mara ya kwanza tangu kuwa fundi nilifunga kibanda asubuhi.

Barua ilivuka. Mwenye boti aliniapia Katonga kwamba aliifikisha. Lakini kabla ya kaseti nyingine kuja, vita vilizuka ng'ambo kulekule, kambi zile zikatawanyika, wengine wakakimbilia porini, wengine wakarudishwa, wengine haijulikani. Maboti yalianza kuleta watu badala ya magunia. Nilikuwa nashuka ziwani kila nilipopata nafasi, nawaangalia wanawake wanaoshuka na watoto wa umri ule, wa miaka miwili hivi, nauliza walipotoka. Nilijua jina la mke wa mwalimu kwa sababu alilitaja mara nyingi, nikawa naliita pale ufukweni kama kichaa. Waligeuka wanawake wawili, na wote hawakuwa yeye. Baada ya muda nilichoka na hilo pia. Ningependa kuandika kwamba sikuchoka.

Karibu na masika nilipata ujumbe kwa mchuuzi kwamba baiskeli bado inafanya kazi ila mkanda wa mpira unaozungusha kaseti umelegea. Soko la kambini lilikuwa linawapokea watu wa nje siku mbili kwa wiki. Nikapanda lori la magunia ya chumvi, mikanda mitatu mfukoni, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu nisimkute.

Niliisikia baiskeli kabla sijaiona. Ilikuwa inakuja katikati ya mstari wa nyumba za udongo, mwalimu anatembea kwa miguu akiisukuma ili isitikisike, na watu wametoka pande zote mbili. Kweli nyumba zilikuwa pande mbili. Masanduku alikuwa ameyapaka chokaa. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, akanieleza habari wakati nabadilisha mkanda: watu kumi na mmoja walikuwa wametambua sauti. Bibi mmoja alimtambua mwanawe kwa kikohozi kabla hajasema jina. Majibu ya wote hao yalikuwa yamerekodiwa, yapo ndani ya kopo la maziwa, yanasubiri kujulikana yapelekwe wapi. Kwenye daftari la shule aliandika kila mmoja: amesikika nani, ametambuliwa na nani, amesema nini.

Nikamuuliza zile dakika kumi anazirukaje. Akasema haziruki. Mwanzoni alikuwa anaziruka, watu wakamkataza. Habari ilikuwa imeenea kwamba chini ya nyundo ya fundi wa Ujiji kuna watu. Wakifika hapo wanakaa kimya, wengine wanalaza kichwa kwenye sanduku. Mama mmoja alimsikia mumewe baada ya adhana. Mwingine alimsikia binti yake kwenye kuku.

"Na wewe?" nilimuuliza.

 Alisukuma baiskeli hadi nyumbani kwake, chumba kimoja na kibaraza, akaiegemeza, akaniomba nisikilize naye. Alisema sikio langu ni la kazi, lake ni la mtu anayetaka. Tuliinama, yeye kwenye sanduku la kushoto, mimi la kulia, akabonyeza.

Nilijisikia nikihesabu moja, mbili. Niliisikia furaha iliyokuwa sautini mwangu. Zikaja nyundo tatu, adhana, na ule mvumo wa mkanda ambao mafundi wote wanaujua, unaofanana na mvua ya mbali na hauna mtu ndani yake. Nilisikiliza kwa bidii kuliko nilivyowahi kusikiliza chombo chochote.  Kwenye mwisho kabisa, kabla ya kikohozi changu, nilimtazama mwalimu. Alikuwa amefumba macho, mdomo umefunguka kidogo, shati limefungwa hadi shingoni.

Alipozima aliniuliza, "Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka apumzike, na nilitaka mimi nipumzike. Nilitegemea aseme kwamba naye husikia hapohapo, kama wale akina mama, tukubaliane, nipande lori langu.

"Mimi sijawahi kusikia kitu hapo," alisema. "Hata mara moja." Akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akaketi mbele yangu kwenye kibaraza, akafungua ukurasa ambao juu yake palikuwa na jina la mkewe na chini yake hapakuwa na neno. "Amesema nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma, na nikaiona kabisa. Nikasema, "Amesema hajambo."

Akaandika. Aliandika polepole, mwandiko wa ubaoni, akaweka nukta. Halafu akainua uso, akaniuliza kama ametaja mtoto.

Nilimwambia hapo. Nilimwambia mwalimu, nimekudanganya, hakuna kitu, hakujawahi kuwa na kitu, niliisafisha ile hedi kwa mikono yangu. Nililia, mtu mzima, mbele ya wapita njia. Yeye hakulia. Alilitazama lile neno kwenye daftari kwa muda, kalamu ikiwa juu yake, nikadhani atalikata. Hakulikata. Alifunga daftari, akaliweka pajani, akaniomba nirudishe kaseti mwanzo tusikilize tena.